Bangi na Mwanafunzi wa Chuo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mtwara na Lindi

Ukurasa huu umeandaliwa kwa ajili ya wanafunzi wanaosoma Mtwara na Lindi, iwe katika chuo kikuu, chuo cha ualimu, cha uuguzi, cha kilimo, cha uhasibu au cha ufundi stadi, pamoja na wazazi na walezi wao. Maswali ni yale ambayo vijana huyarudia kila tunapokutana nao: mengine huulizwa mbele ya darasa zima, na mengine, ambayo aghalabu ndiyo mazito, huulizwa baada ya wenzao kutoka. Kila jibu linajitosheleza. Panapohitajika maelezo zaidi, msomaji ameelekezwa kwenye swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Bangi hufanya nini hasa mwilini?

Bangi ina kemikali nyingi, lakini inayolewesha ni ile iitwayo THC. Mtu anapovuta, THC hupita kwenye mapafu, huingia katika damu na kufika kwenye ubongo ndani ya dakika chache. Huko hujishika kwenye vipokezi ambavyo mwili umejiwekea kwa ajili ya kemikali zake wenyewe, na vipokezi hivyo ni vingi hasa katika sehemu zinazoshughulikia kumbukumbu, uangalifu, kupima muda na mwendo wa viungo. Ndiyo maana aliyevuta huona dakika tano kama nusu saa, hupoteza alichokuwa akisema katikati ya sentensi, hukaukwa na mdomo, macho humuwia mekundu na njaa humshika. Ulevi wenyewe hudumu kwa kawaida saa mbili hadi nne, ingawa uzito wa kichwa huweza kuendelea hadi kesho yake.

2. Kwa nini inasemwa kwamba kijana wa chuo hudhurika zaidi kuliko mtu wa miaka arobaini?

Kwa sababu ubongo wake bado unajengwa. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupanga, kujizuia na kupima matokeo ya jambo kabla ya kulitenda, hukomaa mwisho, karibu na umri wa miaka 25. Mwanafunzi wa miaka 19 anafanana na nyumba iliyokwisha kuezekwa na kupakwa rangi huku mafundi wakiwa bado wanavuta nyaya za umeme ndani ya kuta: kwa nje imekamilika, lakini kazi nyeti zaidi inaendelea. THC inayoingia kila siku katika kipindi hicho huvuruga kazi hiyo, na ndiyo maana karibu kila madhara yatakayoelezwa hapa chini huwa makubwa zaidi kwa aliyeanza mapema.

3. Bangi hukaa mwilini muda gani?

THC huhifadhiwa kwenye mafuta ya mwili na kutoka polepole. Aliyevuta mara moja tu huweza kuonekana kwenye kipimo cha mkojo kwa siku chache, kwa kawaida karibu tatu. Anayevuta kila siku huweza kuonekana hata baada ya mwezi mzima wa kuacha. Maji mengi, maziwa au ndimu havisafishi mafuta ya mwili, hata kama wauzaji wa maneno wanadai hivyo.

4. Wazee walivuta na wakalima mashamba yao salama. Kwa nini sisi tutishwe?

Wapo waliovuta wakalima, na wapo walioharibikiwa ambao hawasimuliwi. Pamoja na hayo, kinachovutwa leo si lazima kiwe kile cha zamani. Nchini Marekani, ambako bangi iliyokamatwa hupimwa kwa miaka mingi, kiwango cha THC kilipanda kutoka takriban asilimia 4 mwaka 1995 hadi takriban asilimia 12 mwaka 2014. Hapa kwetu Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekuwa ikikamata aina iitwayo skanka, ambayo ina THC nyingi kuliko bangi ya kawaida. Anayenunua kete kwa mtu asiyemjua hana namna ya kupima nguvu ya alichonunua.

Zaidi ya hapo, jembe na mtihani wa takwimu havidai kitu kilekile kutoka kwenye kichwa cha mtu.

## Masomo na matokeo

5. Wenzangu wanasema bangi inafungua akili na inasaidia kupiga msuli, yaani kusoma kwa bidii. Ni kweli?

Si kweli, na ni vyema kueleza kwa nini wanaamini hivyo, kwa maana hawasemi uongo kuhusu wanavyojisikia. THC huleta hisia kwamba kila wazo ni zito na kila sentensi ina maana ya pekee. Mtu anaweza kukaa na desa lake (maandishi ya somo) kwa muda wa saa tatu akijiona amezama kabisa. Tatizo ni kwamba sehemu ya ubongo inayohamisha jambo jipya kutoka kwenye kumbukumbu ya muda mfupi kwenda kwenye ile ya kudumu ndiyo hasa inayozuiwa na THC. Alichosoma akakifurahia usiku hakimo kichwani asubuhi, na kinachobaki ni kumbukumbu ya kwamba alisoma.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliwahi kutuonyesha daftari lake. Kurasa za Novemba zilikuwa zimejaa hadi pembezoni, vichwa vya mada vimepigiwa mstari kwa rula nyekundu. Kurasa za mwishoni mwa Januari zilikuwa na tarehe, jina la somo, na mistari miwili ya mwandiko unaoteremka kuelekea chini ya ukurasa. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa amefiwa. Alikuwa akivuta kila jioni na wenzake wa geto, na kipindi cha saa mbili asubuhi kilikuwa kinampita akiwa bado kitandani. Yeye mwenyewe hakuwa ameona mabadiliko hayo mpaka tulipofungua kurasa hizo mbili pamoja.

6. Kuna ushahidi gani kwamba matokeo hushuka kwa sababu ya bangi, na si kwa sababu wavutaji ni wavivu tangu awali?

Swali hili ni zuri, kwa kuwa ni kweli kwamba mwanafunzi ambaye tayari amekata tamaa na masomo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuanza kuvuta. Tafiti mbili zinasaidia kutenganisha mambo haya.

Ya kwanza ilifanywa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, ambako watafiti waliwafuatilia zaidi ya wanafunzi 1,200 tangu mwaka wa kwanza, na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Waliona mnyororo unaoeleweka: anayevuta mara nyingi zaidi hukosa vipindi zaidi, anayekosa vipindi hupata wastani wa chini, na mwenye wastani wa chini huchelewa kuhitimu. Madhara, kwa maneno mengine, mara nyingi huanzia kitandani asubuhi kabla hayajafika kwenye chumba cha mtihani.

Ya pili ni ya Maastricht, Uholanzi, mji ambao una maduka yanayouza bangi kwa ruhusa. Mwaka 2011 maduka hayo yalizuiwa kuwauzia wageni wa mataifa fulani, ilhali Waholanzi na raia wa nchi jirani waliendelea kununua. Hivyo chuo kimoja kilikuwa na makundi mawili ya wanafunzi, wakisoma kozi zilezile na kusahihishiwa kwa vigezo vilevile, tofauti ikiwa ni kwamba baadhi yao hawakuweza tena kuingia dukani. Wale waliozuiwa walianza kufaulu zaidi, na ongezeko lilikuwa kubwa hasa katika masomo yenye hesabu. Hakuna aliyewabadilisha tabia wala kuwaongezea bidii. Kwa maoni yetu, huu ndio ushahidi ulio wazi kuliko mwingine wowote kwa mwanafunzi anayeuliza swali hili kwa dhati.

7. Mimi huvuta Ijumaa na Jumamosi tu. Nina tatizo?

Hatari yako ni ndogo kuliko ya anayevuta kila siku, na hatutakudanganya kwamba mko sawa. Lakini jiulize maswali matatu. Je, mwaka jana nayo ilikuwa siku mbili, au ilikuwa moja? Je, Jumatatu kichwa chako ni chepesi, au huwa unakihisi kizito hadi Jumanne? Na ikitokea wikiendi moja huna, je, siku inaenda vizuri au unakuwa mkali kwa kila mtu? Wengi wa wanaovuta kila siku walianza kwa wikiendi, na hakuna hata mmoja aliyepanga kufika huko. Kama katika ukoo wako yupo aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili, soma pia swali la 10, kwa kuwa kwako hata kiasi kidogo si kidogo.

8. Je, akili iliyopotea hurudi?

Kwa wengi hurudi, na hili tunataka lisikike vizuri, kwa sababu wapo vijana wanaoendelea kuvuta kwa kuamini kwamba wameshaharibika. Uchunguzi wa picha za ubongo umeonyesha kwamba vipokezi vya ubongo vinavyoshikwa na THC, ambavyo hupungua kwa wavutaji wa kila siku, hurejea karibu na hali ya kawaida baada ya takriban wiki nne za kuacha. Vipimo vya kumbukumbu navyo vimeonyesha kwamba watu wazima waliokuwa wavutaji wakubwa, wakikaa siku 28 bila bangi, hufanya vizuri karibu sawa na wasiovuta.

Wasiwasi mkubwa uko kwa walioanza wakiwa wadogo na kuendelea kwa miaka mingi. Huko Dunedin, New Zealand, watu zaidi ya 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa tangu utotoni, na taarifa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba walioanza kabla ya miaka 18 na kubaki na uraibu kwa muda mrefu walipoteza hadi alama 8 za kipimo cha akili walipofika miaka 38. Tafiti za mapacha zilizofuata zimetilia shaka kiasi gani cha upungufu huo kinatokana na bangi yenyewe na kiasi gani kinatokana na mazingira ya kulelewa. Mjadala huo haujaisha, lakini hakuna anayebishania ushauri unaotokana nao: anayeacha akiwa na miaka 20 ana nafasi nzuri sana ya kurudi alikokuwa.

9. Bangi ni rahisi kuliko bia. Inawezaje kuvuruga fedha za mwanafunzi?

Msokoto mmoja ni rahisi, ila matumizi ya kila siku hayahesabiki kwa msokoto mmoja. Kuna chakula cha usiku kinachofuata njaa ya bangi, kuna wenzako wanaosubiri nawe uchangie kwa zamu yako, na kuna ada ya kurudia mtihani. Fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, ambayo wanafunzi huiita bumu, imepangwa ifike hadi mwisho wa robo. Inapokatika katikati, anayeteseka ni tumbo, kisha kodi ya chumba. Kwa wasio na mkopo hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa fedha yao imetoka kwa mzazi aliyepeleka korosho zake chama cha msingi na kusubiri mnada na malipo yake, na fedha hiyo haina nyingine nyuma yake mpaka msimu ujao.

## Akili na mwili

10. Je, ni kweli bangi huleta wazimu?

Kwa wavutaji wengi haileti, na kwa baadhi huleta. Jibu hili haliwaridhishi wanaotaka kutisha wala wanaotaka kutetea, lakini ndilo sahihi, na ugumu wake uko katika kwamba mtu hajui yumo kundi gani mpaka yametokea.

Kuna hali mbili zinazochanganywa. Ya kwanza ni ya muda: aliyevuta nyingi kupita uwezo wake hushikwa na hofu kali, huamini kwamba watu wanamsema au wanamfuata, huweza kusikia sauti, kisha hali hiyo huisha ndani ya saa au siku chache. Ya pili ni ugonjwa wa akili unaodumu, hasa skizofrenia. Nchini Uswidi, vijana wapatao 45,000 walioandikishwa jeshini walifuatiliwa kwa miaka 15, na taarifa ya mwaka 1987 ilionyesha kwamba waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 kabla ya kuandikishwa waliugua ugonjwa huo mara sita zaidi ya wasiovuta. Uchunguzi mwingine uliohusisha miji kadhaa ya Ulaya na mji mmoja wa Brazil, uliochapishwa mwaka 2019, uliona kwamba wanaovuta kila siku wana uwezekano wa takriban mara tatu wa kuugua kuliko wasiovuta, na wanaovuta kila siku bangi yenye nguvu kubwa karibu mara tano.

Kinachoongeza hatari kinajulikana: kuanza ukiwa mdogo, kuvuta kila siku, kutumia aina kali kama ile iliyotajwa katika swali la 4, na kuwa na ndugu wa damu mwenye ugonjwa wa akili. Mwenye historia hiyo katika ukoo hapaswi kuvuta kabisa. Katika mengine yote kwenye ukurasa huu tunaweza kuzungumza kuhusu zaidi na pungufu, lakini si katika hili.

11. Mwenzetu anaongea peke yake na kusema kuna watu wanasoma mawazo yake. Kwao wanasema amerogwa, wanataka kumpeleka kwa mganga. Tufanye nini?

Mpelekeni hospitali kwanza, leo, si mwisho wa muhula. Mtu aliyeingia katika hali hii kwa mara ya kwanza hupona vizuri zaidi kadiri anavyotibiwa mapema, na kila wiki anayokaa bila matibabu humrudisha nyuma. Hatuna haja ya kubishana na familia kuhusu majini au mashetani. Anayetaka kumwombea au kumsomea amwombee na amsomee, ilimradi dawa za hospitali haziachwi na hakuna anayemfunga kamba, kumpiga au kumnyima chakula.

Mnapozungumza naye, msimcheke wala msibishane naye kwamba sauti anazosikia hazipo. Kaeni naye mahali patulivu, semeni kwa upole, ondoeni bangi na pombe karibu naye, na mtu mmoja anayemwamini aende naye. Mahali pa kumpeleka pametajwa katika swali la 17.

12. Bila kuvuta silali, na mawazo hunizidi. Nikiacha nitaishije?

Bangi humfanya mtu asinzie haraka, lakini hupunguza ile sehemu ya usingizi yenye ndoto, ambayo ubongo huihitaji kwa kupanga kumbukumbu na hisia. Ubongo huizoea upesi, kisha huwezi kusinzia bila hiyo, na kukosa usingizi kunakokutesa sasa mara nyingi ni matokeo ya bangi yenyewe. Mawazo nayo huenda vivyo hivyo: yanatulia kwa muda wa saa tatu, yanarudi yakiwa yameongezeka, kwa kuwa kazi iliyokuwa ikiyasababisha haikufanywa.

Lakini tunakusikia unaposema mawazo yanakuzidi. Ada isiyolipwa, mapenzi yaliyovunjika, msiba nyumbani au kuwa mbali na kwenu kwa mara ya kwanza ni mambo mazito, na yanastahili mtu wa kuyasikiliza. Kama yamefikia mahali ambapo unawaza kufa au kujidhuru, usisubiri. Mwambie mtu mmoja sasa hivi na mwende pamoja hospitali.

13. Vipi kuhusu mapafu na moyo?

Moshi wa bangi una lami na kemikali nyingi zilizomo kwenye moshi wa sigara, na msokoto hauna kichujio; mvutaji pia huvuta pumzi ndefu na kuizuia ndani. Wavutaji wa mara kwa mara hupata kikohozi cha muda mrefu chenye makohozi. Mapigo ya moyo huongezeka kwa muda baada ya kuvuta, jambo la kuangaliwa kwa mwenye tatizo la moyo ambaye pengine hajui kama analo. Kupokezana msokoto mdomo kwa mdomo katika chumba kilichofungwa madirisha, katika nchi ambayo bado ina kifua kikuu, ni hatari ya ziada.

14. Je, inaathiri uzazi?

Ndiyo. Kwa wanaume, uvutaji wa mara kwa mara unahusishwa na kupungua kwa idadi ya mbegu. Kwa wanawake wajawazito, THC huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na watoto wa akina mama waliovuta huelekea kuzaliwa na uzito mdogo. Huingia pia katika maziwa ya mama. Mwanafunzi mjamzito au anayenyonyesha aache kabisa, na amweleze mkunga ukweli ili asaidiwe.

15. Kuna ubaya gani kuchanganya na uraka au nipa, pombe za mabibo?

Msimu wa mabibo hufanya swali hili liulizwe kila mwaka. Pombe huongeza kiasi cha THC kinachoingia katika damu, hivyo msokoto uleule hulevya zaidi, na vyote viwili hulegeza viungo na uamuzi. Matokeo yanayoonekana ni kutapika, kuanguka, ngono isiyopangwa wala kinga, na ajali za bodaboda barabarani usiku. Nipa, kwa kuwa ni kali na haipimwi na mtu yeyote, ndiyo mbaya zaidi katika mchanganyiko huo. Wanafunzi wa ufundi wanaoshika mashine za kuranda mbao au kuchomelea asubuhi inayofuata wakumbuke kwamba mikono yao bado haijarudi sawasawa.

## Uraibu na kuacha

16. Inasemwa bangi haina arosto, yaani mateso ya kuacha. Basi kwa nini rafiki yangu ameshindwa kuacha?

Arosto ya heroini ni nzito kiasi kwamba watu wameifanya kuwa kipimo, na kwa kipimo hicho bangi huonekana haina kitu. Hata hivyo ipo. Siku moja au mbili baada ya kuacha, mvutaji wa kila siku huwa mkali, hukosa usingizi, chakula hakimpiti, hutoka jasho, na anaposinzia huota ndoto za kutisha. Hali hiyo huwa kali zaidi katika wiki ya kwanza na kwa wengi huisha ndani ya wiki mbili au tatu. Inakadiriwa kwamba katika kila watu kumi wanaovuta, takriban mmoja huwa mraibu. Kwa walioanza wakiwa vijana wadogo, takriban mmoja kati ya sita.

Rafiki yako, kwa hiyo, hajashindwa kwa kukosa msimamo. Ameacha, akaona hali imemwia mbaya, akavuta, ikatulia, akaamini kwamba hawezi. Angejua kwamba hali hiyo ina mwisho, pengine angeisubiri.

Anayeacha achague tarehe, na tarehe hiyo isiwe wiki ya mitihani. Aondoe karatasi, kiberiti na kila kinachomkumbusha, awaambie wanaovuta naye kwamba hatakuwepo jioni, na ikibidi ahamie kwa mwenzake asiyevuta kwa muda. Jioni ndiyo saa ngumu: aipangie mpira, mazoezi ya kwaya, darasa la kusoma Kurani, au kutembea ufukweni na mtu mwingine. Akiteleza siku moja, arudi kwenye mpango kesho yake. Hakuna dawa ya hospitali iliyoidhinishwa mahsusi kwa uraibu wa bangi, na methadoni inayotolewa kwa waraibu wa heroini haihusiki hapa. Kinachosaidia zaidi ni ushauri nasaha wa vikao kadhaa na mtu aliyesomea.

17. Msaada unapatikana wapi Mtwara na Lindi?

Anayesoma Mtwara mjini anaweza kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo. Lindi mjini ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine. Walioko Masasi na maeneo yake wana Hospitali ya Ndanda, na walioko upande wa Lindi vijijini wana Nyangao. Ukifika mapokezi, huna haja ya kueleza kila kitu mbele ya foleni. Sema tu kwamba unahitaji huduma ya afya ya akili. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119. Ndani ya chuo, mshauri wa wanafunzi ndiye mlango wa kwanza.

18. Mimi ni mzazi. Nimekuta bangi kwenye begi la mwanangu. Nimrudishe nyumbani?

Usiamue siku hiyohiyo. Kumtoa chuoni kwa hasira humwondolea sababu aliyokuwa nayo ya kuacha, na kipigo humfundisha kuficha vizuri zaidi. Subiri utulie, kisha mwite peke yake, useme ulichokiona na unachokiogopa: «Mwanangu, nimekuta hiki kwenye begi lako. Sijakuita kukugombeza. Nataka unieleze tangu lini, na unavuta kwa sababu gani.» Halafu nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu.

Katika familia nyingi za Kimakonde, Kimwera na Kimakua mjomba ana sauti ambayo baba hana, na kijana atamwambia yale ambayo hawezi kukuambia wewe. Mtumie. Lakini mchague mjomba mwenye kifua, asiye mlevi, na asiyelipeleka jambo kwenye kikao cha ukoo kabla kijana hajapata nafasi ya kusema. Kama ulichokiona ni zaidi ya bangi kwenye begi, yaani kijana haogi, anajifungia, anaongea mambo yasiyoeleweka, hilo ni jambo la hospitali. Rejea swali la 11.

## Sheria na taratibu za chuo

19. Sheria inasemaje?

Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, pamoja na marekebisho yake, inakataza kulima, kuuza, kusafirisha, kumiliki na kutumia bangi. Adhabu za biashara ni nzito: hufika kifungo cha miaka 30, na kwa kiasi kikubwa kifungo cha maisha. Jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui ni kwamba neno biashara katika sheria hiyo ni pana, na linaweza kumgusa hata aliyempa mwenzake au aliyebeba mzigo wa mtu mwingine kwenye basi la Dar es Salaam bila kupokea malipo yoyote. Usibebe mfuko usiojua kilichomo, hata kama aliyekuomba ni mtu wa kwenu.

20. Mwenzangu wa chumba anavuta, mimi sivuti. Nikikutwa naye?

Uko katika hatari, kwa kuwa sheria inamgusa pia anayeruhusu kwa kujua chumba chake kitumike. Mwambie waziwazi kwamba bangi isihifadhiwe wala isivutwe ndani. Akikataa, omba kuhamishwa. Unapoomba, unaweza kusema tu kwamba hamwelewani.

21. Nikienda hospitali, chuo au polisi watajua?

Mhudumu wa afya anawajibika kutunza siri ya mgonjwa, na anayekuja kutafuta tiba hupokelewa kama mgonjwa. Tumeona vijana waliochelewa mwaka mzima kwa ajili ya hofu hii, wakafika wakiwa wameshadisko, yaani wameshaondolewa chuoni kwa kufeli. Ukitaka kuahirisha masomo kwa sababu ya ugonjwa, utahitaji barua ya daktari, na unaweza kumwomba aandike kile tu ambacho chuo kinahitaji kujua.

22. Kanada na Afrika Kusini wameruhusu. Kwa nini sisi tuambiwe ni mbaya?

Kanada iliruhusu matumizi ya watu wazima mwaka 2018, na mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliruhusu mtu mzima kutumia faraghani. Jirani zetu wa Malawi waliruhusu kilimo kwa ajili ya dawa na viwanda mwaka 2020, si kwa ajili ya kuvuta. Nchi mbili za kwanza zilikuwa zikiamua kama mtu afungwe jela au la. Hakuna iliyotangaza kwamba bangi haidhuru ubongo wa kijana, na Kanada yenyewe inatumia fedha kuwaonya vijana wake. Zipo pia dawa zilizotengenezwa kutokana na mmea huu, kwa mfano ya aina fulani za kifafa cha watoto, lakini hizo hupimwa kwa miligramu na kuandikwa na daktari.

## Hali za pekee

23. Biskuti au keki yenye bangi si salama zaidi, kwa kuwa haina moshi?

Mapafu husalimika, kichwa hapana. THC iliyoliwa huchelewa, kuanzia nusu saa hadi saa mbili, na hapo ndipo makosa hufanyika: mtu anaona haijamshika, anaongeza ya pili na ya tatu, kisha zote zinamfikia pamoja na huweza kumlevya kwa muda wa hadi saa 12. Ubaya mwingine ni kwamba biskuti hupewa mtu asiyejua. Kumpa mwenzako bila kumwambia ni kumdhuru, hata kama nia ilikuwa mzaha wa sherehe ya kuzaliwa.

24. Nimevuta kwa miaka, sasa natapika kila mara na tumbo linauma. Maji ya moto tu ndiyo hunituliza. Ni malaria?

Pima malaria, maana homa na kutapika hapa kwetu havipuuzwi. Lakini mweleze daktari kwamba unavuta. Wavutaji wa muda mrefu huweza kupata hali ya kutapika kwa vipindi, na kuoga maji ya moto mara nyingi ili kupata nafuu ni dalili yake inayojulikana. Huisha mtu anapoacha kabisa na hurudi anaporudia. Asiyesema ukweli huishia kupimwa vidonda vya tumbo na kupewa dawa zisizomhusu.

25. Ni usiku, tupo hosteli, mwenzetu amezidiwa. Tufanye nini?

Kama anaongea na anatambua mahali alipo, ila ana hofu na moyo unamwenda mbio, mtoeni kwenye kelele, mketisheni penye hewa, mpeni maji kidogo kidogo, na mtu mmoja akae naye akimwambia kwamba hali hiyo itapita. Msimpe pombe, kahawa wala msokoto mwingine wa kumtuliza. Msimwache aondoke peke yake, hasa kwa pikipiki au kuelekea baharini.

Kama haamki mnapomwita na kumtikisa, anapumua kwa shida, anapata degedege, kifua kinambana, au anataka kujirusha au kumdhuru mtu, hilo ni jambo la hospitali usiku huohuo. Mlazeni ubavu ili akitapika asipaliwe, mwiteni mlezi wa hosteli na tafuteni gari. Bangi peke yake ni nadra kumzimisha mtu kiasi hicho, hivyo pengine kuna kitu kingine alichotumia: kama mnakijua, mwambieni muuguzi jina lake, kiasi chake na saa aliyoanza, na kama kipande kimebaki, chukueni mpeleke nacho.